Fisi Maji wa Baba Mkwe

Nimefunga kamera mitini kwa miaka tisa sasa, na nimeudhiwa na kila kiumbe chenye miguu. Kima wameng'oa kamera zangu wakazitupa mtoni. Nyati alijikuna mgongo kwenye moja hadi ikapasuka. Siafu waliingia ndani ya nyingine wakahamia kabisa. Yote hayo niliyameza, nikasema ndiyo kazi. Lakini hakuna mnyama wa msituni aliyewahi kunitoa machozi ya hasira kama mwalimu mstaafu wa miaka themanini, mwenye koti la kahawia na ufagio.

Huyo ni baba mkwe wangu. Jina lake msinidai. Desturi ya huku, mkazamwana hatamki jina la baba wa mumewe, na siku zile ningelitamka ningeliongezea maneno mengine ambayo hayaandikiki.

Nianze na jambo lililotuweka roho juu. Baba aliishi Nyamyumba, chini ya barabara, peke yake tangu mama mkwe afariki. Nyumba ya matofali, migomba, mparachichi mmoja, na bustani inayoshuka hadi ziwani, pale kijito kinapoingia na kuna kipande kidogo cha matete. Mwaka ule akaanza kusema kwamba kila asubuhi anamwona fisi maji kwenye matete yale. Yule mnyama mrefu wa kahawia anayeogelea na kula samaki na kaa. Wenyeji humwita inzibyi. Shida ni kwamba hakuna mtu mwingine aliyemwona. Jirani yake, mama mmoja anayevuka kwenda Goma kila siku na ndoo za sambaza, dagaa wa ziwa hili, aliniambia kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha huku ambacho mnyama huitwa nyama, "Inzibyi? Mi nilizaliwa hapa, mama. Ile nyama ilishaisha. Sijaionaka hata siku moya."

Habari ikafika Kigali, kwa shemeji mkubwa, kaka wa mume wangu na mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Shemeji tayari alikuwa na orodha yake. Baba alisahau maharage motoni yakaungua na sufuria. Baba alikwenda misani Jumamosi akidhani ni Jumapili. Sasa Baba anaona wanyama. Kwa shemeji mambo yalikuwa wazi: akili zinamtoka mzee, atakuja kukaa Kigali, kwenye chumba cha ghorofani, na nyumba ya Nyamyumba itapangishwa.

"Mi siende," Baba alisema kwenye simu. "Niko na akili yangu yote, na nyama yangu iko pale."

Wakavutana, wakakubaliana mwezi mmoja. Mwisho wa mwezi familia ingekutana. Fisi maji akionekana, mzee anabaki nyumbani kwake. Asipoonekana, mzee anapanda gari.

Mume wangu akanigeukia, mdomo umejaa ugali. "Si ni kazi yako hii? Weka kamera."

Weka kamera! Alisema kama mtu anayesema weka chumvi. Mimi nafanya kazi kwenye mradi mdogo wa wanyama, tuna ofisi ya vyumba viwili mjini, na kamera zetu ziko msituni huko juu, kila moja na mti wake. Nilimwomba mkuu wangu, akanipa moja ya zamani ambayo kifuniko chake hufungwa kwa gundi ya karatasi. Jumamosi nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kutoka Nengo tunakoishi, nikapita Rubona na harufu ya kiwanda cha bia, nikashuka Nyamyumba saa nne hivi na begi mgongoni. Jirani alikuwa anaanika nguo. Kabla sijauliza akachongoa mdomo kuelekea ziwani, kama tunavyoonyesha sote huku, mikono ikiwa na kazi yake. Baba alikuwa kule chini.

Alikuwa amevaa koti na tai. Tai! Nilimsalimia kwa mikono miwili, nikamuuliza kama anakwenda mahali.

"Niende wapi? Si leo njo siku ya picha?"

Nilipaswa kujua siku ile ile kwamba nimekwisha.

Kufunga kamera si kazi ya kumaliza dakika mbili. Unatafuta mti usioyumba. Unapima urefu wa goti, maana mnyama huyu ni wa chini. Huielekezi magharibi, la sivyo jua la jioni juu ya ziwa litakupofushia kila picha. Nikaielekeza kaskazini, kando ya maji, ione kijito, jiwe moja bapa na ukingo wa matete. Unakata majani yaliyo karibu, kwa sababu jani la mgomba likipepea kwenye jua, kamera inadhani ni kiumbe, inapiga picha tatu, inapiga tatu tena, hadi betri zife. Halafu unaijaribu. Kuijaribu maana yake unapita mbele yake kwa urefu wa mnyama mwenyewe na kuangalia kama taa nyekundu itawaka. Kwa hiyo mimi, mama wa watoto watatu, nikatambaa kwa magoti na viganja kwenye tope mbele ya baba mkwe wangu. Mkazamwana mwenye adabu hata hapiti mbele ya baba mkwe bila kuinama, sembuse kutambaa. Baba alitazama juu angani hadi nilipomaliza, Mungu amjalie.

Halafu akauliza, "Mukazana, na ukubwa wake batajuaje?"

"Utaonekana tu, Papa."

"Kitu bila kipimo haina ukubwa. Batasema ni panya."

"Papa, itaonekana." Nilikuwa na tope hadi kwenye nyusi, na mwalimu ananisomesha hesabu. Nikafunga begi.

"Kuya mapema siku moya," alisema akinisindikiza. "Anakuyaka saa moya ya asubui. Saa ine ashaenda."

Nikamwambia nitajaribu. Saa moja asubuhi mimi huwa natafuta soksi za watoto, na Jumamosi nafua. Sikujaribu.

Wiki ya kwanza nilipochukua kadi nikapata picha nyingi kupita kiasi. Nilizifungua ofisini na chai pembeni. Jani la mgomba. Jani la mgomba. Mbuzi wa jirani. Jirani akimfuata mbuzi. Jirani akiisalimia kamera, maana hapiti mbele ya kitu cha mwenzake bila salamu. Jirani amerudi na kitenge kipya. Jirani na dada zake wawili wa kutoka Goma, wamepanga mstari, wamevalia kanisa, mmoja ameshika begi la mkononi mbele ya tumbo. Wiki ya pili mama yule alinisimamisha barabarani kuniuliza picha zao zitatoka lini, na akaudhika kweli niliposema zimefutwa.

Ndiyo, zimefutwa. Hiyo ni sheria ya kazi yetu, na nitaieleza kwa sababu ndiyo iliyonimaliza. Kamera ya mnyama haina ruhusa ya kumchungulia mtu. Mtu amekwenda msituni kwa haja zake, labda haja ndogo, si shauri letu. Kwa hiyo unapofungua kadi, picha zinajipanga kwenye kompyuta ndogondogo kama stempu. Unapita haraka, kila yenye mtu unaitia alama, unabonyeza, imekwenda. Huitazami. Nimefanya hivyo miaka tisa, na mkono wangu unafuta kabla kichwa hakijauliza.

Turudi kwa Baba. Wiki ya pili nilipofika kwenye matete niliona ardhi inang'aa. Hapana jani, hapana kijiti. Mistari ya ufagio imepangwa vizuri kutoka kwenye mparachichi hadi kwenye jiwe bapa.

"Papa, nani amefagia hapa?"

"Mi mwenyewe. Kila asubui. Utapigaje mugeni picha mu uchafu?"

Jamani! Fisi maji hutambulikana kwa nyayo zake kwenye tope na kwa mavi yake, ambayo huyaacha juu ya jiwe lile lile kila siku, yamejaa vipande vya magamba ya kaa. Kwetu sisi mavi yale ni dhahabu. Ningepata moja tu, kavu, ningelipeleka kwenye kikao cha familia ndani ya bahasha na kuliweka mbele ya shemeji. Nikauliza kwa sauti ya upole kabisa kama labda aliwahi kuona kitu cheusi juu ya jiwe.

"Ah, ile uchafu? Inakuyaka kila siku. Mi namwangia maji."

Nikaenda nyuma ya mgomba, nikauma kanga yangu. Nilitaka kupiga kelele hadi wasikie Goma. Lakini mkazamwana hamkemei baba mkwe. Anaweza kumwambia mumewe, naye mumewe amwambie baba yake kwa kuzunguka, kwa mithali na kikombe cha chai. Nikamwambia mume wangu. Akaenda Jumapili, akazunguka sana, akarudi akasema Baba anashukuru kwamba tumesifu usafi wake.

Na usafi ukazidi. Jirani akapeleka neno kwa majirani, na Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, watu wakiwa wameshamaliza mtaro wa barabara, wanaume sita wakashuka na mapanga wakiwa na nia njema kabisa: wayakate matete yote, kamera ione vizuri. Niliwakuta panga la kwanza liko hewani. Nilisimama katikati ya matete, nguo majini, nikawaomba kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Wakanicheka. "Kiswahili yako ya redio!" mmoja alisema, maana mimi nililelewa Kigoma na hilo hawanisamehi. Walikubali kuondoka baada ya kukata kona moja, ili isiwe wametoka bure.

Wiki ya tatu ndipo rula ilipoanza.

Baba alifundisha shule ya msingi miaka arobaini, Goma na baadaye huku, na alistaafu na rula ya ubao, ile ya mti, ya mita nzima, yenye namba nyeusi. Sasa nikafungua kadi na kukuta rula imechomekwa kwenye tope karibu na jiwe bapa, wima kama bendera. Na katikati ya kila picha, Baba. Baba na koti lake. Baba ameyapa matete kisogo, anaitazama kamera, mikono imeshikana tumboni, hasogei. Picha tatu, halafu tatu nyingine, halafu tatu. Kwa saa zilizoandikwa chini, alisimama pale nusu saa kila asubuhi. Na mdomo wake, Mungu wangu, mdomo wake umechongoka upande, kana kwamba anaongea peke yake au analilia pipi.

Picha mia na kitu siku moja. Betri zangu zilikuwa zinakufa kumpiga picha mtu ambaye tayari tunajua yupo!

Safari iliyofuata, Jumamosi ya mwisho, nilijikaza nikamuuliza. "Papa, mbona unasimamaka pale mbele?"

"Niko napima."

"Unapima nini?"

"Utaona. We soma vizuri tu."

Niliitikia. Moyoni nikasema, kumbe shemeji ana haki, na ule uchafu wa jiwe huenda ni wa bata tu. Nakiri hivyo bila kujificha: siku ile, nikiwa nimeshika kadi mkononi, mimi niliyepewa kazi ya kumtetea mzee, nilimhukumu. Jioni nilipokuwa nafuta, nikaisogeza simu yangu karibu na zile stempu, nikaipiga skrini picha kumi, uso wake tu, mdomo ule ukiwa umechongoka, nikamtumia mume wangu tucheke. Zile nyingine zote nikazitia alama, nikabonyeza.

Kikao kikawa Jumapili ya mwisho, baada ya misa, kwenye sebule ya Baba. Shemeji alikuja na gari. Kulikuwa na sambaza za kukaanga, ndizi, na soda. Baba alikaa kwenye kiti chake na tai yake, ametulia, kama mtu ambaye ameshafanya mtihani na anajua majibu. Kila mara alinitazama. Nilidhani ananiomba huruma.

Shemeji akafuta mikono. "Bon. Donc, iko nyama ao haiko?"

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema bado, tupeni mwezi mwingine. Lakini mwezi mzima wa ufagio, rula na mapanga ulikuwa umenikaa kooni, na nikalipuka. "Shemeji, nyama nitaipata wapi? Kila nikiweka kamera Baba anasimama mbele yake! Picha mia saba wiki hii, zote ni za Baba! Baba na rula! Kama fisi maji yupo, basi amejificha nyuma ya koti!"

Wadogo zake wakacheka. Mume wangu alitazama sakafu. Shemeji hakucheka. Akanyoosha mkono, "Lete nione," na mimi nikampa simu. Akazipitia zile picha kumi polepole, moja moja. Baba na mdomo wake. Baba na mdomo wake. Uso wa shemeji ulibadilika, na si kwa ubaya. Macho yalimjaa maji. Akampa simu mdogo wake, mdogo akampa mwingine. Ikazunguka sebule nzima, na kicheko kikaisha.

"Anasimama hivi kila siku?" shemeji aliniuliza.

"Kila siku."

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema.

Baba hakubisha hata kidogo, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Alinigeukia mimi, si mwanawe. "Mukazana. Ulizisoma zote?"

"Ndiyo, Papa. Zote."

"Vizuri?"

"Vizuri, Papa."

Akainyoosha tai yake. Kisha akatikisa kichwa mara mbili kama mtu anayejisahihisha mwenyewe. "Bon. Basi pengine ni mi," akasema, akainuka kwenda kutafuta sanduku.

Jumatatu asubuhi aliondoka. Hakuchukua vitu vingi. Rula aliiacha.

Jumatano nikashuka Nyamyumba kuondoa kamera yangu. Jirani hakunisalimia kwa uchangamfu wake. Jani moja lilikuwa limeshaanguka pale palipokuwa pakifagiwa, nikaliokota bila kujua kwa nini. Nikafungua mikanda, nikang'oa rula kwenye tope, nikarudi ofisini na vyote hivyo kwenye moto, rula imenitokeza begani, watu wa Rubona wakinipisha.

Ofisini yuko mwenzangu mmoja, mzoefu, ambaye kabla ya kuja kwetu alifanya kazi miaka mingi kwenye vinamasi vya mashariki. Aliona rula, akauliza, nikamwagia hasira yangu yote tangu mwanzo: tai, ufagio, mavi, matete, mia saba za Baba. Nilidhani atacheka. Akakunja uso.

"Fisi maji? Kwa kamera hizi?"

"Zina nini?"

"Si zinapiga picha zikihisi joto linalotembea? Fisi maji akitoka majini manyoya yake ni ya baridi kama maji yenyewe. Anapita mbele ya kamera hivi hivi, haimhisi. Sisi tulikuwa tunahangaika miezi. Hatukupata kitu mpaka ng'ombe au mtu apite mahali pale pale, joto lake liamshe kamera. Hapo ndipo fisi maji anaonekana, nyuma yake."

Miaka tisa natega wanyama wa nchi kavu, hilo sikulijua.

Kadi ya mwisho ilikuwa mfukoni mwangu, bado haijafutwa. Ilikuwa na asubuhi moja tu ya Baba ndani yake, ile ya Jumapili ya kikao, kabla ya misa. Nikaifungua. Stempu zikajipanga: Baba, Baba, Baba. Kidole changu chenyewe kilikwenda kwenye alama, nikakivuta. Nikaifungua ya kwanza ikajaa skrini nzima, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa picha hata moja ya Baba.

Baba na tai. Mdomo umechongoka. Sikumtazama yeye sasa. Niliufuata mdomo. Ulikuwa unaelekea kushoto, nyuma kidogo ya bega lake, na pale mdomo ulikoelekea palikuwa na rula, na chini ya rula jiwe bapa, na juu ya jiwe fisi maji. Ameloa, anang'aa, ana madoa meupe kooni, ameshika kaa kwa mikono miwili. Kwenye picha ya pili amesimama kwa miguu ya nyuma, anamtazama Baba kisogoni, na namba za rula zinasomeka pembeni yake. Kwenye ya tatu anatafuna.

Alikuwa ananionyesha. Tangu siku ya kwanza ya rula alikuwa ananionyesha, kwa njia ambayo mama wa sambaza alinionyesha, ambayo watoto wangu hunionyesha sukari ilipo. Hakuweza kunyoosha mkono, mnyama angekimbia. Alisimama nusu saa, mzee wa miaka themanini, hageuki, anamsikia akitafuna, anamwibia jicho la pembeni, anachongoa mdomo. Na sisi, kabila zima la watu tunaoonyesha kwa midomo, tulipitisha simu ile sebuleni, tukautazama mdomo, hakuna aliyeuliza unaelekea wapi. Hata wangeuliza wasingeona. Mimi nilikuwa nimepiga uso tu.

Nililia pale pale ofisini. Mwenzangu akatoka nje kwa heshima.

Nikampigia simu Baba.

"Papa, nimemuona."

Nyuma yake nilisikia honi za Kigali. "Iko sentimita ngapi?"

"Akisimama, hamsini na nane, Papa."

"Mi nilikadiria sitini." Sauti yake ilichangamka, mwalimu akarudi. "Na bale batoto yake? Mu picha za Alhamisi alikuya na batoto wawili."

Hapo sikuwa na pa kujificha. Nikamwambia. Sikuzisoma, Papa. Zile zote nilizifuta. Nilikudanganya mbele ya watoto wako.

Kama angenikaripia ningeshukuru.

"Miaka makumi ine," akasema, "batoto banafuta ubao. Kufuta si kosa, mukazana. Kosa ni kufuta kabla ya kusoma."

Picha ile niliituma kwa shemeji dakika ile ile. Hakujibu hadi jioni. Alipopiga, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kuomba radhi kwa baba yake, na sina la kumlaumu. Lakini nyumba alikuwa ameshaipangisha. Jumanne, kwa mwaka mzima, kwa familia moja ya watu wazuri wenye watoto wadogo. Mkataba umesainiwa, vyombo vyao vimeshaanza kuingia. "Singejua," alisema. Nikamwambia ni kweli, asingejua. Aliyepaswa kujua ni mimi.

Baba alikataa ghorofa. Sasa anakaa nasi Nengo, kwenye chumba cha watoto, na watoto wamehamia sebuleni na kelele zao. Ananifagilia ua hadi kuku hawana cha kuchokonoa. Ananiudhi kila siku ya Mungu. Asubuhi nikitafuta soksi yeye ameshazikunja kwa rangi, kwenye sanduku ambalo hakuna anayelijua.

Jumamosi sifui tena. Saa kumi na mbili tunakuwa barabarani, moto mbili, yeye mbele na ufagio, mimi nyuma na rula. Tunafika Nyamyumba, na Baba anabisha hodi kwenye mlango alioujenga kwa mikono yake, anavua kofia, anamwomba mpangaji ruhusa ya kushuka bustanini. Huwa anapewa, na chai juu. Lakini mimi hapo hutazama upande mwingine.

Wiki tano alifagia, akachomeka rula, akasimama. Hakuna kitu. Watoto wa mpangaji wana kelele, na kona ile iliyokatwa siku ya umuganda ilikuwa bado haijaota vizuri. Kila Jumamosi niliifunga kamera, na kila Jumatatu nikazisoma picha zote, moja moja, zikiwa zimejaa skrini. Baba, Baba, Baba. Mdomo wake umefungwa.

Wiki ya sita betri ziliisha njiani. Kamera ikabaki begini. Nilikuwa nalalamika peke yangu, nang'aka kwamba tumeamka saa kumi na moja bure, betri za siku hizi ni takataka, nani alinituma kuolewa kwenye ukoo huu. Baba alikuwa amesimama mahali pake, kisogo kwenye matete. Nikamwinulia macho nimwambie twende.

Alikuwa amechongoa mdomo.

Nikanyamaza. Nikageuka polepole, kushoto, nyuma kidogo ya bega lake. Alikuwepo juu ya jiwe, ameloa, na wadogo wawili pembeni wananyang'anyana kichwa cha samaki. Nilihesabu pumzi zangu. Sijui walikaa muda gani, maana hapakuwa na saa iliyoandikwa chini. Kisha wakateleza majini, na matete yakatikisika kidogo.

Baba hakugeuka hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi usoni.

"Umeona?"

"Nimeona, Papa. Watatu."

"Na picha?"

"Hakuna picha."

"Bon," akasema, akaing'oa rula na kuifuta tope kwa mkono wa koti. "Basi sasa wazimu tuko wawili."